Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafiri wa Dar es Salaam: unganisheni huduma zilizopo kabla ya kutuundia programu nyingine

Kwa:
Makatibu Wakuu wa Wizara ya Uchukuzi, Wizara ya Ujenzi na TAMISEMI;
Wakuu wa LATRA, DART, TRC na TEMESA;
Nakala kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania.

Yah: Mfumo mmoja wa kidijitali wa kupanga na kulipia safari za mjini

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu abiria anayetoka Kigamboni kwenda Kimara hupita mikononi mwenu nyote kabla hajafika. Daladala inayomshusha Feri ina leseni ya LATRA, ambayo iko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Pantoni ni ya TEMESA, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi. Mwendokasi anaoupanda Kivukoni unasimamiwa na DART, ambayo huripoti TAMISEMI. Na kama safari yake inaendelea hadi Morogoro au Dodoma, treni ni ya TRC, kwa hiyo anarudi tena Uchukuzi. Abiria huyo amehama wizara tatu pasipo mtu kumwambia, na kila mpaka wa wizara ameugundua kwa namna ileile: foleni mpya, malipo mapya na taarifa zinazoanza upya kana kwamba ndiyo kwanza ametoka nyumbani.

Sisemi kwamba hamjafanya kazi. TRC ilipoanza safari za treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, tulianza kukata tiketi kwa simu tukiwa tumekaa sebuleni, tiketi yenye namba ya behewa na ya kiti. TEMESA imetuletea kadi ya malipo ya N-Card pale Magogoni, na foleni ya kutafutiana chenji ya nauli ya pantoni imepungua. LATRA ina mfumo wa VTS unaoona mwendo wa mabasi ya mikoani yakiwa barabarani. DART, tangu mabasi yaanze kutembea mwezi Mei 2016, imetupitisha kwenye kadi, ikaturudisha kwenye tiketi ya karatasi, kisha ikatuletea kadi tena. Teksi mtandao nazo zina programu zake. Kila mfumo kati ya hiyo ulibuniwa kutatua shida ya taasisi iliyoubuni, na mingi imefanikiwa kwa kiasi chake. Ambacho hakuna aliyepewa kazi ya kukitatua ni safari yenyewe, kwa sababu safari nzima si mali ya taasisi yoyote.

Kwa hiyo ombi langu si programu mpya. Naogopa hata kulitaja neno hilo, kwa kuwa desturi yetu ni kwamba ombi la namna hii huishia kwenye zabuni, uzinduzi wenye utepe, na alama nyingine kwenye simu ambayo baada ya mwaka mmoja haifunguki. Ombi langu ni kanuni. Naomba kila anayepewa leseni au mkataba wa kusafirisha abiria ndani ya jiji hili, awe wa serikali au wa binafsi, alazimike kutoa kwa umma, katika muundo mmoja unaosomeka na mashine yoyote, mambo manne: njia na vituo vyake, ratiba au walau muda wa kawaida kati ya chombo kimoja na kinachofuata, nauli zake, na mahali chombo kilipo kwa wakati huo pale ambapo kifaa cha kulionyesha hilo kipo. Naomba pia kila mwenye mfumo wa tiketi aufungue ili tiketi yake iweze kuuzwa na mwingine kwa masharti yaliyo sawa kwa wote. Hayo yakiwepo, programu zitajitokeza zenyewe, za vijana wa Kijitonyama, za benki, za kampuni za simu, na abiria atachagua inayomfaa. Yasipokuwepo, hata programu nzuri kuliko zote itakuwa tangazo la biashara lenye ramani.

Muundo wa taarifa hizo hauhitaji kubuniwa. Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Marekani, lilishirikiana na Google kuweka njia, vituo na ratiba zake katika mafaili mepesi ya maandishi, na muundo huo, unaojulikana kama GTFS, sasa hutumiwa na miji mingi duniani. Hata usafiri usio na ratiba umeshaingizwa humo. Jijini Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliwaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi na washirika kutoka Marekani, wanafunzi wakapanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi njia, na mwaka 2014 ikachapishwa ramani ya njia zaidi ya 130. Mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Daladala za Dar es Salaam zina pa kuanzia: njia zake tayari zimeandikwa kwenye leseni za LATRA, na mwanzo na mwisho wa ruti vimepakwa rangi ubavuni mwa gari. Taarifa mnayo. Iko kwenye makabrasha.

Upande wa fedha nao una mfano wa hapahapa nyumbani, na ndiyo maana nimempelekea nakala Gavana. Wapo wanaokumbuka wakati ambapo mtu wa Tigo hakuweza kumtumia pesa mtu wa Airtel bila kuzunguka kwa wakala. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha huduma zao za pesa, Vodacom ikaingia mwaka 2016, na nchi hii ikawa miongoni mwa za mwanzo duniani kufika hapo. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, mfumo unaopitisha malipo papo hapo kati ya benki na mitandao ya simu. Hakuna aliyelazimika kufunga kampuni yake, na hakuna mteja aliyeambiwa ahamie mtandao mmoja wa taifa; kilichofanyika ni kuweka kanuni za namna ya kupokezana na kugawana ada. Nchi iliyoweza kuzikutanisha kampuni zinazogombea wateja mchana na usiku inashindwaje kuzikutanisha taasisi nne za serikali moja?

Nauli ndiyo sehemu ambayo abiria anaisikia zaidi, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, nauli ya basi la njia mlisho, linalowaleta abiria kwenye njia kuu, ilikuwa shilingi 400, ya njia kuu shilingi 650, na aliyepanda yote mawili alilipa shilingi 800 badala ya 1,050. Yaani waliopanga nauli zile walikubali kimsingi kwamba kubadilisha gari si safari ya pili, ni mwendelezo wa safari ileile, na abiria hapaswi kuadhibiwa kwa sababu barabara haikupita mlangoni kwake. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi, na inashangaza kwamba haikuvuka geti la kituo cha mwendokasi kwenda popote pengine. Anayeshuka pantoni na kupanda mwendokasi analipa kama watu wawili. Anayetoka Mbagala kwenda Tegeta kwa daladala mbili au tatu analipa mwanzo wa nauli mara mbili au tatu, wakati mwenye gari lake binafsi hulipia tu mafuta ya umbali aliokwenda. Wanaoishi mbali ni wengi wao wenye kipato kidogo, kwa sababu viwanja na vyumba vya bei nafuu viko huko, na ndio hasa wanaobadilisha magari mara nyingi zaidi. Mfumo uliounganishwa unaweza kutambua kwamba kadi au namba ya simu iliyogonga Magogoni imegonga tena Kivukoni ndani ya muda uliopangwa, ukapunguza nauli ya pili, na fidia ya tofauti hiyo ikagawanywa kwa hesabu iliyo wazi. Bila punguzo la kubadilisha, kuunganisha malipo kutakuwa kumerahisisha tu kazi ya kutukata pesa.

Lagos imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana katika jiji lenye msongamano kuliko letu. Tangu mwaka 2002 jimbo hilo lina mamlaka moja ya usafiri wa jiji, LAMATA, na kadi yake ya Cowry hutumika kwenye mabasi ya mwendokasi, kwenye boti za abiria, na kwenye treni ya Blue Line iliyoanza kubeba watu mwaka 2023. Nairobi iliunda NaMATA mwaka 2017 kwa lengo kama hilo. Kwetu wazo la mamlaka ya aina hiyo limekuwepo kwenye mipango ya usafiri ya jiji kwa miaka mingi, likihamishwa kutoka ripoti moja hadi nyingine. Sishauri tuisubiri. Kanuni ya kufungua taarifa inaweza kutolewa hata kabla mamlaka haijaundwa, na pengine itakapoundwa itakuta nusu ya kazi yake imeshafanyika.

Kuna makosa mawili ya wenzetu ambayo naomba tusiyarudie, na moja liko karibu sana. Kenya iliagiza kwamba ifikapo Julai 2014 matatu ziache kupokea fedha taslimu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Google na benki ya Equity zilikuwa zimeleta kadi ya BebaPay, na baadaye zikaja kadi nyingine za kampuni nyingine, kila moja na mashine yake. Wafanyakazi wa matatu wakazikwepa, abiria wakachoka, agizo likafifia, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Si vigumu kuelewa kwa nini, hasa kwa mtu aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha daladala na kusikiliza mazungumzo. Dereva na konda wa Dar es Salaam hawana mshahara wa mwezi. Wana hesabu ya tajiri, kiasi kinachotakiwa kufika mkononi mwake jioni kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Ukiweka mashine inayopeleka kila nauli moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari, umewaondolea riziki yao ya jioni pasipo kuwaambia watalipwaje. Ndiyo maana naomba daladala ianze kuunganishwa kwa taarifa, si kwa fedha. Acheni konda aendelee kupokea sarafu, lakini njia, kituo na nauli ya gari lake vionekane kwenye simu ya abiria. Malipo ya kielektroniki yaje pamoja na mkataba wa ajira wa dereva na konda, ambao sheria inautaka tayari, na yaje kwa njia ambazo konda anazitumia tayari, kama vile lipa namba.

Katika kufungua taarifa mtagundua pia jambo ambalo abiria wa jioni analijua kwa maumivu, nalo ni kukatisha ruti. Gari lenye leseni ya kwenda hadi mwisho wa njia hugeuzia katikati kwa sababu abiria wa kurudi mjini wamejaa na wa kwenda mbele wamepungua, na mtu aliyelipa nauli nzima hushushwa gizani. Leo hakuna ushahidi isipokuwa malalamiko yake. Mahali gari lilipo pakijulikana, ushahidi upo, na LATRA haitahitaji askari kila kituo.

Kosa la pili ni la mbali zaidi lakini lina funzo pana. Jijini Helsinki, Finland, kampuni ya MaaS Global ilizindua mwaka 2016 programu ya Whim, ambamo mtu aliweza kupanga na kulipia treni, basi, teksi na baiskeli mahali pamoja, hata kwa malipo ya mwezi. Dunia nzima ya wataalamu wa usafiri ilikwenda kuitazama. Finland ilikuwa na jambo moja la maana ambalo sisi hatuna: sheria ya huduma za usafiri, iliyoanza kazi mwaka 2018, ikiwataka watoa huduma kufungua taarifa zao muhimu na mauzo ya tiketi zao. Hata hivyo kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2024, kwa kuwa kuuza tiketi ambazo faida yake ni ndogo, na ambazo mwenye mabasi naye anaziuza kwenye programu yake mwenyewe, si biashara inayolipa kwa urahisi. Berlin na Vienna zilifuata njia nyingine. Huko mashirika ya umma ya usafiri ndiyo yanayoendesha Jelbi na WienMobil, na kampuni binafsi huingia humo kama washirika. Mimi nasoma hapo kwamba uti wa mgongo, yaani taarifa, kanuni za nauli na hesabu za kugawana mapato, ubaki mikononi mwa umma, na dirisha la kumhudumia abiria liwe la yeyote anayeweza. Akifilisika mwenye dirisha, safari ziendelee.

Tuna funzo letu wenyewe pia kuhusu namna ya kutunga kanuni. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni ambayo kampuni za teksi mtandao huwakata madereva. Nia ilikuwa kumlinda dereva. Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili mwaka huo, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Katikati ya hapo dereva aliyekusudiwa kulindwa alikosa programu moja ya kumletea wateja. Kanuni ninayoiomba itagusa maslahi ya kampuni hizohizo, kwa sababu zenyewe zinajua vizuri kuliko ofisi yoyote ya serikali watu wanatoka wapi kwenda wapi saa ngapi. Wekeni sharti la kushirikisha taarifa kwenye leseni, lakini likubaliwe mezani kwanza, pamoja na madereva, wenye daladala na vyama vya bodaboda, ili lisije likatangazwa Ijumaa na kutenguliwa baada ya miezi tisa.

Naomba pia mkumbuke mwenye kitochi. Katika jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, si kila mtu ana simu janja, na mwenye nayo si kila siku ana bando. Taarifa zikiwa zimefunguliwa, hazina ulazima wa kuishia kwenye ramani yenye rangi. Zinaweza kusomwa kwa menyu ya nyota na reli, zikaandikwa kwenye ubao wa kituo, zikatangazwa kwa sauti ndani ya treni inapokaribia Pugu: mabasi ya kwenda Kimara yapo, ya Mbagala yanaondoka baada ya dakika kumi, pantoni inayofuata ni saa fulani. TRC inajua ni watu wangapi wanashuka na saa ngapi, kwa sababu imewauzia viti kwa namba. Hakuna sababu ya msingi ya mamia ya watu kushuka usiku kutoka treni ya kisasa ya umeme na kupokewa na kelele za madereva wanaotaja bei kwa kukutazama sura na mizigo.

Kuhusu usiri nitasema kwa ufupi, ingawa si jambo dogo. Kadi inayofuatilia safari zote za mtu inajua anapolala, anaposwali au kusali, na kliniki anayokwenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na tume yake ipo. Ishirikishwe kuanzia hatua ya michoro. Na ibaki njia ya kununua kadi isiyo na jina, bila namba ya NIDA, kwa anayetaka kusafiri tu.

Najua jibu litakalotolewa na wengi watakaosoma barua hii wakiwa wamesimama kituoni: kwamba abiria wa Kimara anataka basi, hataki taarifa za basi. Wana haki. Mfumo wa kidijitali hauzai mabasi, na simu inayoonyesha kwamba basi linalofuata liko mbali ni karaha nyingine tu kwa mtu aliyechelewa kazini. Lakini uhaba wa mabasi umekuwa ukijadiliwa kwa miaka yote kwa picha za watu wakiingilia madirishani, upande mmoja ukisema mabasi yapo na mwingine ukisema hayapo. Taarifa zikiwa wazi, kila mtu, akiwemo mbunge na mwandishi wa habari, ataona ni mabasi mangapi yalitoka asubuhi ile, yalipita kwa kuachana muda gani, na njia ipi iliachwa. Nadhani hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, kuliko kwenye teknolojia.

Napendekeza mwanzo uwe mdogo. Feri, Kivukoni, Gerezani na stesheni ya SGR ziko katika eneo moja la katikati ya jiji, na huduma tatu kati ya zinazokutana hapo, yaani pantoni, mwendokasi na treni, ziko chini ya taasisi za umma ambazo hazihitaji kumwomba mtu ruhusa. Anzeni na hizo tatu: taarifa zao zitolewe katika muundo mmoja, malipo yao yapokee kadi yoyote kati ya zilizopo na namba yoyote ya simu kupitia TIPS, na anayebadilisha kutoka moja kwenda nyingine apate punguzo la aina ile ya mwaka 2016. Njia za mwendokasi za Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta nazo ziingizwe humo, na kila mkataba mpya wa mwendeshaji uwe na kifungu cha kufungua taarifa kabla haujasainiwa, kwa sababu baada ya kusainiwa kitakuwa na bei.

Ninachosubiri kutoka kwenu ni jibu la hadharani lenye mambo mawili: jina la taasisi moja, kati yenu saba, itakayobeba dhamana ya kazi hii kwa niaba ya nyingine, na tarehe ambayo rasimu ya kanuni itawekwa wazi ili wananchi na waendeshaji waitolee maoni.

Nawasilisha.

Abiria,
Kigamboni, Dar es Salaam